Gia Zilizonigomea Mimi Peke Yangu

Kabla sijaeleza lolote, nitenganishe mambo mawili ambayo watu wa ukoo wetu hupenda kuyachanganya. Niliyoyaona ni haya: pikipiki yangu ilikataa kubadili gia chini ya mguu wangu, ikakubali chini ya mguu wa mdogo wangu. Nilimwona mama yetu akishuka kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki hiyo nikiwa dereva mimi, na nikamwona ametulia juu ya kiti kile kile alipokuwa dereva mwingine. Niliyoyasikia ni mengi zaidi: kwamba nina mguu mzito, kwamba chombo humjua mwenye moyo mweupe, kwamba Mama alisema hivi na vile juu yangu alipokuwa akichambua kahawa pamoja na majirani. Hayo sikuyasikia kinywani mwake, na sitayaandika kana kwamba niliyasikia. Nitayagusa tu pale yaliponiuma, maana maumivu yenyewe nayashuhudia.

Nilikuwa mpima ardhi wa serikali hadi nilipostaafu. Katika kazi ile nilikutana kila siku na watu wanaonyoosha kidole kwenye mstari wa masale, mimea ya mpakani, na kusema kwamba babu yao aliwaambia mpaka uko hapo, huku jirani akiapa kwamba babu huyo huyo aliuweka hatua kadhaa ng'ambo ya mfereji. Niliwasikiliza wote kwa adabu, nikakubali mbege, pombe ya ndizi, waliyonipa, kisha nikasimamisha chombo changu na kupima. Chombo hakina babu. Kwa tabia hiyo nimepata heshima kazini na marafiki wachache nyumbani.

Jambo la pili linalopasa kujulikana ni kwamba mimi ni mtoto wa katikati. Kwetu, kifunguamimba hupewa mapema kihamba chake, yaani shamba lake la ukoo, na kitindamimba hurithi nyumba ya baba pamoja na migomba inayoizunguka, kahawa iliyo chini ya migomba, na mama aliye ndani ya nyumba. Kaka yetu mkubwa alipewa kihamba cha juu, na wanawe wako huko mpaka leo ingawa yeye alikwisha kutangulia. Mdogo wangu yuko nyumbani kwa Baba, juu ya Kwa Sadala, pale ambapo lami inaisha na baridi inaanza. Mimi nilipewa shule. Baba aliniambia hivyo mbele ya wote, nami nilikuwa nimesimama pale: "Wewe kihamba chako ni kalamu." Nimepima vihamba vya watu maisha yangu yote, na nyumba yangu nimeijenga Shirimatunda, mjini Moshi, juu ya kiwanja nilichokinunua kwa mgeni. Sisemi haya kwa kulalamika. Nayasema kwa sababu yanaeleza kwa nini mtu mzima mwenye mvi aliweza kumwonea mdogo wake wivu kwa ajili ya pikipiki.

Pikipiki ile niliinunua baada ya kustaafu. Si ya bodaboda. Ni chombo kikubwa cha safari ndefu, chenye kioo cha kukinga upepo, masanduku mawili ya pembeni, na kiti cha nyuma kilicho na egemeo kama kiti cha sebuleni. Nilikuwa nimeendesha pikipiki za idara tangu ujana, katika tope na vumbi, na sikuona sababu ya kustaafu kunifanya abiria. Nilikwenda nayo Lushoto, nikaenda nayo Babati. Ila kwa hakika nilikuwa nimeinunua kwa ajili ya safari moja fupi: kutoka Shirimatunda hadi nyumbani, kumpakia Mama kwenye kiti kile chenye egemeo, na kupita naye sokoni Kwa Sadala mchana kweupe.

Nilimpakia. Katika miezi ya mwanzo alipanda nami mara kadhaa, kwenda kanisani na kurudi, na hakulalamika. Ndipo, ilipofika majira ya ukungu, akanipa zawadi. Alikuwa ameona vidole vyangu vimekakamaa nilipofika. Safari iliyofuata nilimkuta uani, miwani puani, akishona kitambaa kizito cha rangi ya kahawia. Alikuwa ameshona mifuko miwili mipana ya kuvisha kwenye usukani, ili dereva aingize mikono ndani na kushika akiwa amefunikwa. Waendesha bodaboda wa mlimani wanayo ya namna hiyo, ya turubai au ngozi bandia. Hii yangu ilikuwa ya sufu nzito yenye bitana. Niliitambua mara moja. Lilikuwa koti la Baba, lile alilolivaa kwenda mnadani na kwenye vikao vya kanisa, na ambalo tangu msiba lilikuwa likining'inia nyuma ya mlango wa chumba chake.

"Umelikata, Mama?" nilimuuliza.

"Lilikuwa linaliwa na nondo," alijibu bila kuinua macho. "Vaa. Hao wengine hawana haja nalo."

Sikuuliza hao wengine ni nani. Nilijua. Nilivisha mifuko ile kwenye usukani na sikuivua tena. Niliendesha nayo kwenye ukungu wa mlimani, na niliendesha nayo Moshi mjini kwenye jua la saa saba, viganja vikitoka jasho, vijana wakinitazama. Wacha watazame. Kwenye urithi wote wa baba yangu, hicho ndicho kipande kilichokuwa kwangu na hakikuwa kwa mdogo wangu.

Baada ya hapo gia zikaanza kuwa ngumu. Haikuwa ghafla. Mwanzoni ilikuwa ya pili tu, ambayo ilitaka kukanyagwa mara mbili. Kisha pikipiki ikaanza kutambaa nikiwa nimesimama njia panda, klachi imebanwa hadi mwisho, kana kwamba sijaibana. Kutafuta gia huru kukawa ugomvi. Nilipopandisha mlima na kutaka kushusha gia, kikanyagio kilikaza, kikalia, kisha kikaingia kwa kishindo kilichoirusha pikipiki mbele na kichwa cha abiria nyuma. Kwa kuwa katika juma lile lile nilikuwa nimebadilisha oili, nilijiambia kuwa oili ni nzito mno, nikaendelea kuendesha.

Jumapili moja, kwenye kilima kilicho juu ya mfereji, ikaruka hivyo mara tatu mfululizo. Mama akanipiga mgongoni kwa rozari yake. Nilisimama. Alishuka mwenyewe, akarekebisha kitenge chake, akashika njia kwa miguu.

"Mama, panda. Tumekaribia."

"Niache nitembee, baba. Nimepanda punda nikiwa msichana. Punda alikuwa na adabu kuliko hii."

Nilimfuata nyuma taratibu, pikipiki ikitambaa na kushtuka, na watu waliokuwa wakitoka kanisani walituona hivyo: bibi mbele kwa miguu, mwanawe nyuma juu ya chombo kikubwa chenye kiti kitupu.

Haukupita muda nikalazimika kwenda Dar es Salaam kumwona binti yetu aliyekuwa amejifungua. Pikipiki niliiacha nyumbani kwa mdogo wangu, kwa sababu kuna ua na lango. Nilimruhusu aiwashe ili betri isife. Maneno niliyotumia nayakumbuka: aiwashe.

Nilirudi siku moja kabla ya ile niliyowaambia. Basi lilipita Moshi, nami nikashuka Kwa Sadala ili nipande nyumbani moja kwa moja kuchukua pikipiki yangu. Ilikuwa siku ya soko. Nilikuwa nimesimama karibu na mikungu ya ndizi iliyorundikwa chini, mkoba mkononi, nilipousikia mlio ninaoufahamu. Pikipiki yangu ilikuja kutoka juu. Mdogo wangu alikuwa dereva. Nyuma yake, akiwa ameegemea lile egemeo, alikaa Mama, ameshika mfuko wa plastiki wenye mboga kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili hakushika chochote. Kwenye kona mdogo wangu alishusha gia, kisha akashusha nyingine. Sikusikia kishindo. Pikipiki ilipunguza mwendo na kupita kati ya watu kama kisu ndani ya ndizi mbivu. Mdomo wa Mama ulikuwa wazi. Kwamba alikuwa akicheka ni tafsiri yangu. Nilichokiona ni mdomo wazi.

Ningeweza kumwita. Sikumwita. Nilijisogeza nyuma ya mikungu ile mpaka wakapita, kisha nikamwuliza mwanamke mwuzaji bei ya ndizi ambazo sikuzihitaji.

Kuanzia hapo sikulala vizuri, na chakula kilikosa ladha. Mke wangu, anayenifahamu, alinipikia mtori wa ndizi nikauacha ukapoa. Yeye ndiye aliyeniletea maneno kutoka kwa wanakwaya wenzake wa mtaa wa Soweto: kwamba Mama amewaambia watu yule wa katikati ana mguu wa chuma. Nilimwambia kuwa maneno yaliyopita kwenye midomo ya watu wengi kiasi hicho hayana mwenyewe. Alinijibu kwamba hayo ni kweli, lakini mtori unapoa.

Ndipo Mama akatoa uamuzi uliobadili jambo hili kutoka kero kuwa shauri. Alikuwa na kaka mmoja aliyebaki, mjomba wetu, upande wa Kibosho, ambaye miguu yake haikumruhusu tena kutoka nje ya ua. Mama alitaka kwenda kumwona kahawa itakapomalizika kuchumwa. Alijua, na sisi tulijua, kwamba katika umri wao safari ya namna hiyo haina marudio mengi. Na katika ukoo wetu, mwanamke anayerudi kwao hupelekwa na mwanawe. Mwana huyo ndiye anayebisha langoni, ndiye anayekalishwa karibu na mjomba, na kibuyu cha kwanza hupewa yeye kabla ya mtu mwingine. Hatujawahi kuandika utaratibu huo mahali popote. Hauhitaji kuandikwa.

Mama aliyasema hayo sebuleni kwa mdogo wangu, sisi wote tukiwapo.

"Tutapita barabara ya juu," alisema. "Wewe utaleta pikipiki yako," akaniambia mimi. "Mdogo wako ataendesha."

"Na mimi, Mama?"

"Utachukua bodaboda, utufuate. Zipo nyingi."

Mdogo wangu alitazama sakafu. Lau angetabasamu ningekuwa na neno la kumwambia. Hakutabasamu, na hilo lilinikera zaidi. Pikipiki yangu, mafuta yangu, kiti nilichokinunua kwa ajili ya Mama. Na mimi nije nyuma nikiwa abiria wa mtoto wa watu, nifike langoni kwa mjomba wakati kibuyu kimekwisha kuzunguka.

Nilianza kutafuta chanzo kama nilivyotafuta mipaka. Nilimwaga oili na kuweka ile inayotajwa kwenye kitabu cha pikipiki. Hakukuwa na tofauti. Nililegeza mnyororo uliokuwa umekaza kidogo, nikasafisha kiungo cha kikanyagio kilichojaa udongo mwekundu na kukipaka grisi, nikakishusha kikanyagio chenyewe ili kisigombane na kiatu. Nilibadilisha hata viatu, nikavaa vile vyepesi vya harusini. Gia zililainika kiasi cha kunidanganya hadi kwenye kilima cha kwanza.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja Soweto. Ni kijana msafi wa kazi, hana makuu. Aliivua mifuko yangu akaiweka juu ya benchi isije ikapata oili, akaiendesha pikipiki hadi mwisho wa mtaa na kurudi.

"Shikamoo tena, mzee," alisema akizima injini. "Hii gia ni siagi."

"Isingekuwa ngumu nisingekuja."

"Mimi nimeendesha, mzee wangu. Labda uikanyage bila hasira."

Mmoja wa wale wanaoshinda pale gereji bila kazi akadakia kwamba huo ni mguu wa serikali, umezoea kubebwa kwenye gari la ofisi. Walicheka. Nilivisha mifuko yangu, nikaondoka, na kwenye njia panda ya kwanza pikipiki ikatambaa na kukataa gia huru mbele ya macho yao.

Sasa walikuwa wawili: mdogo wangu na fundi. Chini ya miguu yao ilikuwa siagi. Nakiri kwamba katika siku zile nilifikiri mambo yasiyomstahili mtu aliyesoma. Nilifikiri mdogo wangu alikuwa amegeuza kitu fulani ndani ya injini wakati niko Dar es Salaam, kitu kinachojulikana kwake pekee. Nilifikiri pia, usiku mmoja, kwamba huenda kweli chombo kinajua nani ni mrithi. Asubuhi nilijionea aibu. Nikaamua kufanya kile nilichopaswa kukifanya tangu mwanzo: kukaa nyuma ya mdogo wangu na kutazama anachokifanya.

Nilipanda nyumbani siku ya kazi, Mama akiwa kwenye sala ya jumuiya. Nilimwambia mdogo wangu anipakie hadi kwenye kile kilima cha aibu na kurudi.

"Nikupakie wewe, kaka?" aliuliza. "Huku barabarani?"

"Washa."

Kabla hajawasha alifanya kitu alichokifanya kwa wepesi wa mazoea. Alivua mifuko ya usukani, mmoja baada ya mwingine, akaikunja vizuri kama mtu anayekunja nguo ya altare, akaiweka ndani ya sanduku la pembeni. Kisha akapanda. Nikapanda nyuma yake. Kiti ni kizuri, sikatai. Nilishika koti lake kwa vidole viwili tu, kwa kuwa sikutaka kumkumbatia.

Tulishuka hadi mferejini, tukageuka, tukapanda kilima. Alibadili gia juu na chini, na sikusikia lolote. Nilitazama mguu wake: haukuwa mwepesi kuliko wangu. Ni mguu wa mkulima, mpana, ndani ya buti la mpira. Basi nikaacha mguu na kutazama mkono. Kila alipobadili gia, mkono wa klachi ulirudi nyuma hadi ukagusa usukani, chuma juu ya mpira, pasipo kitu katikati.

"Simama," nilimwambia.

Alisimama. Nilishuka, nikafungua sanduku, nikavisha mifuko mahali pake, nikamwambia arudie kilima akiwa ameingiza mikono ndani. Alisita.

"Hiyo ni yako, kaka."

"Ingiza mikono."

Aliingiza, nami nikapanda tena nyuma yake. Mwanzo wa mlima alikanyaga gia ya pili, ikalia, akakanyaga tena, ikaingia kwa kishindo na kofia yangu ngumu ikagonga yake. Akajaribu kushusha hadi ya kwanza, pikipiki ikakohoa na kuzimika katikati ya njia. Tulikaa pale wazee wawili juu ya chombo kilichokufa, na mwanamke aliyebeba majani ya ng'ombe akatupita akitupa pole.

"Imeanza mambo ya kwako," alisema mdogo wangu.

Nilishuka, nikaingiza mkono ndani ya mfuko wa kushoto, nikapapasa. Bitana ilikuwa imeachia mshono. Sufu, kadiri ilivyonyeshewa na kukaukia juu ya usukani, ilikuwa imevimba na kujikunja, na mkunjo huo mnene ulikaa hasa kati ya mkono wa klachi na usukani. Niliyedhani naibana klachi hadi mwisho nilikuwa naibana hadi kwenye koti la Baba. Haikuachia kamwe. Gia hazikuwa na kosa. Mguu wangu haukuwa na kosa. Mdogo wangu hakuwa na kosa, na hilo, kwa ukweli, lilikuwa gumu kulimeza kuliko yote.

"Kwa nini unaivua?" nilimuuliza. "Huku kuna baridi."

Alikuwa anatazama mfuko niliokwisha kuuvua, uliokuwa mkononi mwangu.

"Lile koti niliomba mimi," alisema. "Baada ya msiba. Nilimwambia Mama kwamba nikiwa mdogo Baba alikuwa ananifungia ndani yake tukitoka mnadani. Akasema, wewe una nyumba. Mwache mwenzako naye awe na cha kumfunika."

Niliugeuza mfuko ule upande wa bitana.

"Ukipita pale langoni na mikono yako imo ndani," aliendelea, "mimi nilikuwa najifanya naangalia migomba. Ningeendeshaje na mikono yangu imo mle? Si yangu."

Nimehukumu migogoro mingi kati ya ndugu kwa kamba na nambari, na kila mara nilirudi nyumbani nikijiuliza imekuwaje watu wazima wakachukiana kwa ajili ya kipande kisichotosha mgomba mmoja. Sasa nilisimama pale na mfuko wa sufu mkononi. Mwishowe nilimwambia mnyororo unahitaji mafuta. Akasema ni kweli, ameona.

Ningeweza kushona mifuko ile upya, nikapunguza bitana. Mke wangu aliniambia hivyo. Nilikataa, kwa kuwa mshono ule ulikuwa wa Mama na macho yake hayawezi kushona mwingine. Lakini kuendesha nayo sikuweza tena. Kwa hiyo asubuhi ya safari nilipanda mlima mikono mitupu, ukungu ukining'ata vidole, na mifuko nikiwa nimeikunja ndani ya sanduku la pembeni, namna ile ile mdogo wangu alivyoikunja. Gia ya pili iliingia bila sauti. Ya tatu vilevile. Nilibadili gia hata pale ambapo hapakuwa na haja.

Uani walikuwa tayari. Mdogo wangu alikuwa amevaa suti yake ya sikukuu, kibuyu cha mbege kimefungwa kwa majani ya mgomba. Bodaboda niliyoandaliwa mimi ilikuwa langoni, dereva wake akipangusa kiti. Mama alikuwa amejifunga kitenge juu ya sweta mbili. Nilimwamkia. Alikuwa anatazama usukani uliokuwa mtupu.

"Liko wapi koti la baba yenu?"

Nilifungua sanduku nikamwonyesha. Nilimwambia kwamba lilikuwa linazuia klachi, na kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa ikimrusha, wala si mguu wangu. Aliguna. Sidhani kama anajua klachi ni nini.

"Basi mdogo wako aendeshe, kama nilivyosema."

"Mama," nilisema, "panda nami hadi mferejini tu. Ikikurusha hata mara moja, nitampa funguo, nami nitapanda ile bodaboda na sitasema neno."

Alimtazama mdogo wangu. Huyo, ambaye angeweza kutamka neno moja na kulimaliza jambo, alikwenda akamfunga Mama kofia ngumu kidevuni, akamshika mkono, akampandisha.

"Mpaka mferejini tu," Mama alisema nyuma yangu.

Kabla sijawasha, alinigusa bega akaniomba ile mifuko. Nilimpa. Sikugeuka kuona anaifanyia nini, lakini punde nikahisi sufu nzito ubavuni kulia na ubavuni kushoto: alikuwa ameingiza mikono yake ndani na kunishika nayo kiunoni.

Tulitoka langoni. Kilima kile tulikishuka kwa gia ya pili, kisha ya kwanza kwenye tope lililo chini, nami nilikuwa nahesabu kila mlio wa chuma kwa masikio yote. Mferejini nilipunguza mwendo na kuanza kugeuza, kama tulivyopatana.

"Unageuka unakwenda wapi?" aliuliza Mama. "Kaka yangu hakai huko nyuma."

Nimeambiwa kwamba mdogo wangu alisimama langoni hadi mlio wa pikipiki ulipopotea, ndipo akapanda ile bodaboda na kibuyu chake mapajani. Nimeambiwa pia alichosema aliposimama pale, na nimeambiwa kwa namna mbili zisizopatana. Sikuwapo, na sitachagua kati ya hizo.

Ninachokijua ni barabara. Inashuka bonde na kupanda bonde, daraja baada ya daraja, na kila mahali dereva hudaiwa gia. Nilizitoa zote. Kwenye mpando mrefu kabla ya kijiji cha mjomba niliingiza ya tatu, na ndipo nilipohisi kofia ngumu ya Mama ikinigusa katikati ya mabega na kutulia. Kama alikuwa amesinzia, au anasali, au amechoka tu, sijui, maana sikugeuka. Ilikuwa mgongoni mwangu, na ilikaa hapo mpaka langoni.